Mwenye Faili la Malaba

Tenki la petroli lilisimama hatua sita kutoka jiko la Nanjala, na jiko lilikuwa linawaka.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, katika yadi ya malori ya Mzee Wandera pale Malaba. Nanjala alikuwa anageuza chapati. Akainua macho, akaona maandishi mekundu ya hatari kwenye tumbo la tenki, akaona na dereva anashuka huku akijinyoosha kama mtu aliyefika kwake. Hakupiga kelele mara moja. Alichukua sufuria ya maji ya kuoshea vyombo akamwagia makaa, jiko la kwanza, la pili, la tatu. Mvuke ulipompanda usoni ndipo akafungua mdomo.

"Benedetta! Wee Benedetta! Leo umeamua kunichoma mimi na chapati zangu?"

Benedetta Amuge alitoka mbio kwenye kibanda cha lango, kalamu ingali sikioni. Yeye ndiye aliyekuwa karani wa pale, na kompyuta yake ndiyo iliyompa dereva karatasi ya kumwonyesha pa kuegesha. Alimnyang'anya dereva ile karatasi akaisoma. Safu ya nne.

"Nani amekwambia safu ya nne?"

"Si wewe, mama? Karatasi ni yako."

Safu ya nne ya Malaba iko ubavuni mwa vibanda vya chakula. Matenki hukaa safu ya tisa, kule mwisho kabisa, kwenye changarawe iliyoinuliwa, kando ya mtaro na ndoo za mchanga. Hata mbwa wa yadi anajua hivyo. Benedetta alirudi kibandani, akafungua faili la mipangilio, akatafuta mstari wa matenki. Umeandikwa nne. Akafuta, akaandika tisa, akahifadhi, akamchapia dereva karatasi nyingine. Yote hayo hayakumaliza dakika mbili. Tenki likaondoka, na hakuna kilichoungua siku hiyo ila roho ya Nanjala.

Lakini ile nne Benedetta alijua ilikotoka, na alijua kwamba hakuna mwingine anayejua.

Siku iliyotangulia, umeme ulikuwa umekatika ukarudi kwa kishindo, kompyuta ya Malaba ikazimika. Fundi alipoiwasha, faili la mipangilio lilikuwa tupu kama sahani ya mgeni aliyeshiba. Malori yalikuwa yamejaa langoni. Benedetta akampigia simu Everline, karani mwenzake wa yadi ya Busia, maana Mzee Wandera ana yadi mbili, moja kwa kila mpaka, na programu ni ileile. Everline akanakili faili lake kwenye flashi, akaifunga kwenye mfuko mmoja na omena, dagaa wa ufuko wa Osieko, ambao Benedetta alikuwa amemwagiza, akampa mtu wa boda. Flashi ikafika inanuka samaki. Benedetta akabadilisha idadi ya safu, akabadilisha saa za lango, akabadilisha majina ya walio zamu. Honi zinalia, madereva wanagonga dirisha. Mstari wa matenki ukamponyoka. Busia matenki hukaa safu ya nne.

Ndivyo Busia ilivyokuja kuegeshwa Malaba, hatua sita kutoka kwenye moto.

Kabla ya yote hayo, Benedetta aliuza nyanya. Enzi hizo foleni ya malori ilikuwa ndefu, ikianza mpakani na kupanda barabara mpaka mtu akichoka kuihesabu. Madereva walilala humo siku tatu, siku nne, na watu wa kulala barabarani hula. Benedetta alipita na beseni kichwani toka lori la kwanza hadi la mwisho, asubuhi na jioni. Alijifunza kwamba dereva aliye karibu kuvuka habembelezwi, kwa kuwa ana haraka na atalipa unachotaja, na aliye nyuma kabisa humpi bei mpaka umemsikiliza malalamiko yake yote, kisha atanunua hata asichohitaji. Kwa hiyo ilimbidi ajue nani yuko wapi. Akawa anaijua foleni nzima kwa kichwa: lile la simenti liko nyuma ya lile la mabati, la mafuta ya kupikia limeruka mbele ya la chumvi na wenyewe wamegombana.

Siku moja madereva wawili walikuwa wanashikana mashati kuhusu nani ametangulia, na Mzee Wandera, ambaye wakati huo ndio kwanza amefungua yadi, akashindwa kuwaamua. Benedetta akaweka beseni chini, akayataja malori thelathini na nane kwa mfuatano wake, akaonyesha kila moja mahali pake. Wandera hakumsifu. Alimuuliza tu, "Unajua kusoma?"

"Kusoma na kuandika, mzee. Na kujumlisha, kama ni kwa faida yangu."

Akaajiriwa langoni. Baadaye kompyuta ilipoletwa, kila mtu alidhani mama wa nyanya ataondolewa. Aliyeiandika programu ile alikuwa jamaa mmoja mpole aliyehamia mbali muda si mrefu baadaye. Kabla hajaondoka alimwonyesha Benedetta jambo moja. Programu, alisema, ni vipande: kimoja cha lango, kimoja cha foleni, kimoja cha kugawa safu. Kila kipande kina sifa zake ambazo lazima kiambiwe, na zimeandikwa zote kwenye faili moja la maneno ya kawaida, jina kushoto, thamani kulia. Ukitaka lango lifungwe mapema, badilisha hapa. Safu ikijaa matope, izime hapa. "Msimbo wenyewe, haya maandishi ya ndani ya programu, usiguse," alisema. "Faili hili ni lako."

Miaka minne lilikuwa lake. Mvua ikinyesha aliamka akiwazia faili. Madereva walikuja kumwomba kwa adabu, na wakubwa wa kampuni za uwakala wa forodha, watu wenye viatu vya kung'aa, walisimama dirishani pake wakisema "dada Benedetta, tusaidie". Mtu aliyetembea na beseni juani hasahau kusimamiwa dirishani hivyo.

Sasa Wandera alikuja siku ileile ya tenki, kabla hata chakula cha mchana hakijaiva. Alisimama mlangoni mwa kibanda, fimbo mkononi, hakukaa.

"Faili gani hilo ambalo mtu yeyote anaweza kufungua akaandika anachotaka?"

"Si mtu yeyote, mzee. Ni mimi."

"Basi ni wewe uliyeweka petroli kwenye jiko?"

Hapo ndipo angesema. Ulimi ulikuwa umeshainuka tayari. Lakini Benedetta alikuwa na karo ya binti yake Ajiko wa kidato cha tatu, na akaona uso wa mzee ulivyo, akasema, "Labda ni ule umeme wa jana, mzee."

Wandera akatikisa kichwa polepole. "Nimemwita kijana wa Busibwabo, yule mwana wa Egesa aliyesomea kompyuta. Mambo yote yaingie ndani ya programu, mahali ambapo mkono hauendi. Faili nalitaka liishe." Akageuka kuondoka, kisha akageuka tena. "Na likiisha, sijui mlinzi wake atakuwa analinda nini. Mwisho wa mwezi tutaongea."

Dancan Egesa alifika siku ya pili. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye heshima, na mkoba wa kompyuta aliouvaa kifuani badala ya mgongoni, kwa kuwa aliambiwa Malaba kuna wezi. Alimwita Benedetta "madam", jambo lililomfurahisha na kumtia shaka kwa pamoja.

"Shida ya faili, madam, ni kwamba liko mbali na kitu linachokizungumzia," alieleza, akiwa ameketi juu ya kreti la soda. "Kipande kiko huku, maelezo yake yako kule. Mtu akibadilisha huku na asibadilishe kule, hakuna anayejua mpaka kitu kilipuke."

"Usitaje kulipuka hapa," akasema Nanjala, aliyekuwa anapitisha chai dirishani.

"Samahani, mama. Mpaka kiharibike."

"Na wewe unataka kuyaweka wapi hayo maelezo?" akauliza Benedetta.

"Juu ya kipande chenyewe, ndani ya msimbo. Inaitwa anotesheni. Unaweka alama, halafu unaandika sifa palepale juu yake: mimi ni mgawa safu, matenki nayaweka mahali fulani. Anayesoma kipande anaona kila kitu pamoja. Hakuna cha kutafuta, hakuna cha kupotea."

Benedetta alitazama nje. Trela lilikuwa linapita taratibu, na ubavuni mwake pamepakwa rangi nyeupe uzito wake likiwa tupu.

"Kama ile?"

Dancan akachungulia. Uso ukamwangaza. "Ee! Hasa ile. Imepakwa kwenye bodi. Hata dereva akipoteza karatasi zote, trela halisahau uzito wake."

"Na mji mzigo unakokwenda, mbona hawajaupaka?"

Kijana akacheka. "Huo si unabadilika kila safari, madam!"

"Hm," akasema Benedetta, akanywa chai yake.

Mtu mwingine angemkaba hapohapo. Benedetta hakumkaba. Hoja nzuri huipeleki sokoni alfajiri wanunuzi wakiwa wachache. Unaifunika na gunia mpaka watu wajae.

"Lakini ile nne," Dancan akaendelea, akikuna kidevu, "bado sijaelewa ilitoka wapi. Umeme hauwezi kuandika nne."

"Wewe ndiye uliyesomea," akasema Benedetta, na chai ikawa chungu ghafla.

Dancan alifanya kazi siku kadhaa. Ili asisumbue Malaba, alikaa zaidi Busia kwa Everline, palipo na meza na feni. Alichukua sifa zote, moja baada ya nyingine, akazipandisha juu ya vipande vyake ndani ya msimbo. Jumatatu akaweka programu mpya katika yadi zote mbili. Faili likafutwa. Benedetta alikaa mbele ya kompyuta akabonyeza alipoambiwa abonyeze. Jumatatu hiyo hakuna aliyekuja dirishani kumwomba kitu. Jumanne pia. Mawakala walimpita wakizungumza na simu zao.

Jumatano saa nne na robo, Oluka alifika.

Oluka ni dereva wa Tororo, mtu mnene wa maneno mengi. Kazi yake ni ya kuja na kichwa cha lori kitupu kutoka Uganda, kukifunga kwenye trela lililoachwa yadini na kichwa cha Kenya, na kulivuta ng'ambo. Kampuni nyingi za Malaba hufanya hivyo: vichwa hubadilishana mpakani kama watu wanaopokezana mtoto. Alifunga trela lake, akaja langoni, akatoa karatasi. Benedetta akaingiza namba.

Kompyuta ikajibu: lori hili halijaingia yadini.

Akaingiza tena. Halijaingia.

"Nnyabo, mama, kuna nini?" Oluka akauliza toka juu.

"Inasema hujaingia."

Oluka alilitazama lango mbele yake, akaitazama yadi nyuma yake. "Kwa hiyo mimi niko wapi? Uliza kompyuta yako nipo nchi gani, nimpigie mke wangu simu."

"Ngoja kidogo."

"Inataka nitoke ndio niingie, ama niingie ndio nitoke? Nifanye nini, nnyabo? Mimi ni dereva tu."

Bila karatasi ya kompyuta chuma cha lango hakiinuliwi, amri ya mzee mwenyewe. Nyuma ya Oluka akaja mwingine, naye kichwa cha Tororo na trela la Kenya. Halijaingia. Kufika saa sita walikuwa tisa, na wanaotaka kuingia wamefunga barabara upande wa nje. Honi zilikuwa zinalia kama harusi ya watu wasioelewana.

Benedetta aliliona kosa mapema sana, na hilo ndilo lililomuuma. Kwenye faili lake la zamani palikuwa na mstari uliosema lori litambuliwe kwa namba ya trela. Programu mpya ilikuwa inatazama namba ya kichwa. Matrela yaliyotoka Jumatatu na Jumanne yalikuwa yameingia chini ya programu ya zamani; haya ndiyo ya kwanza kuingia chini ya mpya. Kilichoingia na kichwa cha Kenya kilikuwa kinatoka na kichwa cha Uganda, na mashine haikujua ni mzigo uleule. Neno moja tu. Mkono wake ukaenda wenyewe kulifungua faili, na faili halikuwepo.

Akapiga simu.

"Niko nyumbani Busibwabo, madam," Dancan akasema. Nyuma yake kuku walisikika. "Tunavuna."

"Badilisha neno moja. Kichwa kiwe trela."

"Siyo neno tu. Lazima nifungue msimbo, nibadilishe, nijenge programu upya, niijaribu. Na hapa mtandao ni wa kupanda mtini. Kuituma haitawezekana."

"Sasa?"

"Nitaileta na boda."

Aliileta na boda. Alifika saa saba na dakika ishirini, vumbi limempaka mpaka nyusi, flashi ameikamata ngumini. Madereva walimpigia makofi, si ya sifa. "Huyu ndiye daktari?" Oluka aliuliza kwa sauti. "Mbona mgonjwa ameshazikwa?" Programu ikawekwa, namba zikaingia, chuma kikainuka, Oluka akapita akipunga mkono kama mkubwa wa serikali.

Foleni ilipopungua, Dancan alikaa kwenye kreti lake akafungua msimbo. Alisoma mstari kwa mstari.

"Nilitoa wapi hii 'kichwa'?" akajiuliza. Kisha akafunga macho. "Safu na saa nilizitoa kwenye faili lako, ila hii nilinakili kutoka faili la Busia. Nilidhani mafaili ni mapacha. Kule Busia..."

"Kule Busia wateja wetu huvuka na kichwa kilekile," Benedetta akamalizia. "Hawabadilishi. Umebeba Busia ukaileta Malaba."

"Pole sana, madam."

Benedetta alifungua droo, akatoa flashi ndogo nyeusi, akaiweka mezani katikati yao. Harufu ya omena ilikuwa bado haijaiacha.

"Mimi pia," akasema. "Ile nne. Haikuwa umeme. Niliomba faili la Everline, sikulisoma lote."

Dancan akaitazama flashi, akamtazama yeye. "Kwa nini hukusema?"

"Wewe ungesema?"

Nje, gari la Mzee Wandera lilikuwa linaingia, na mlango wake ulifungwa kwa nguvu ya mtu aliyekwisha kusimuliwa.

Benedetta hakumngoja aingie. Alimfuata nje, palepale kwenye vumbi, Dancan nyuma yake, na Nanjala akasogeza kiti chake asikose neno.

"Mzee, kabla hujaniuliza. Lile tenki lilikuwa kosa langu. Nilinakili faili la Busia."

Wandera alisimama. "Unaniambia leo?"

"Nakuambia leo kwa sababu leo kuna cha kulinganisha nacho. Huyu kijana amefanya kosa lilelile. Amechukua Busia akaiweka hapa. Langu lilikuwa kwenye faili, nikalirekebisha dereva akiwa bado ana ufunguo mkononi. Lake lilikuwa limegongwa ndani ya programu, na limetushika tangu saa nne mpaka sasa."

"Lake ni malori kuchelewa," akasema Wandera kwa ukali. "Lako lingekuwa maiti."

"Kweli kabisa," Nanjala akasema.

"Kweli," akasema Benedetta. "Basi hilo nakupa. Mstari wa matenki uondoe kwangu, sitaki hata kuuona. Mwambie augonge ndani ya programu, kama kwenye chuma: Malaba matenki ni safu ya tisa, basi. Na namba ya trela vilevile. Mambo hayo ni ya mahali, mzee, hayana leo wala kesho. Miaka minne sijawahi kuyabadilisha ila siku niliyokosea."

Wandera aliegemea fimbo yake. Naye alianza maisha kwa kusukuma mkokoteni wa mizigo pale mpakani, na alijua anapouziwa kitu. "Na unachotaka kubaki nacho ni nini?"

"Mambo ya siku. Lango linafungwa saa ngapi, safu gani ina matope, nani yuko zamu. Haya ukiyagonga kwenye chuma, kila mvua ikinyesha utamtafuta kijana huyu Busibwabo shambani."

"Na ukininakilia tena faili la Busia?"

Benedetta alimgeukia Dancan. "Hebu niambie. Lori lina namba ya chesisi, imechongwa kwenye chuma. Karatasi zikija na namba tofauti, forodha hawalipitishi. Mashine yako haiwezi kuchongwa jina?"

Dancan alifikiri, vidole vikicheza hewani kana kwamba anaandika. "Inaweza. Kompyuta ya hapa naipa jina Malaba siku ninapoweka programu, ya kule naiita Busia. Ndani ya msimbo naandika sifa za kila yadi, za kudumu. Faili linabaki dogo, la mambo ya siku, na mstari wake wa kwanza ni jina la yadi. Majina yasipolingana, programu inakataa kuanza."

"Na nikiandika mstari wa matenki kwa nguvu?"

"Haitausoma."

Wandera alichora mstari vumbini kwa ncha ya fimbo. Benedetta akaona bei imekaribia, akaongeza kitu kidogo juu. "Na faili la Busia pia nilisimamie mimi, mzee. Everline ni mtoto bado."

"Usinipande kichwani!" Wandera akang'aka. "La Busia ni la Everline. Wewe baki na lako. Na kila ukibadilisha uandike kwenye kitabu: tarehe, umebadilisha nini, kwa nini. Ukikosea tena ukaficha, hata usinisalimie, chukua beseni lako uende."

"Sawa, mzee," akasema Benedetta kwa sauti ya mtu aliyenyimwa. La Busia hakulitaka hata siku moja. Lakini mzee naye alihitaji kitu cha kukataa.

Wandera alipoondoka, Dancan alimtazama Benedetta kwa jicho jipya. "Madam, ile ya Busia ulikuwa unaitaka kweli?"

"Nenda ukajenge programu, mwanangu."

Ijumaa asubuhi ilikuwa tayari. Dancan aliiwasha kompyuta, akaonyesha faili jipya, mistari haifiki ishirini, na wa kwanza umeandikwa Malaba. Kila kitu kikaanza vizuri. Alikuwa anakunja nyaya zake Benedetta alipotoa ile flashi ya omena kwenye droo, safari hii ikiwa na faili jipya la Busia lililotoka kwa Everline, akaichomeka, akaliweka faili la Busia mahali pa lake, akazima programu, akaiwasha.

Kioo kikaandika: Faili hili ni la Busia. Hapa ni Malaba. Siwezi kuanza.

"Kwani hujaniamini?" Dancan akauliza, ameumia kidogo.

"Sijawahi kununua nyanya bila kuibonyeza."

Akarudisha faili lake. Kisha, mbele ya kijana huyo, akaongeza mstari mwishoni kwa mkono wake mwenyewe: matenki, nne. Akahifadhi. Wakangoja. Saa mbili unusu tenki la dizeli likaingia, dereva akapewa karatasi, na Benedetta akaisoma kabla hajaiachia. Safu ya tisa.

Akaufuta ule mstari, akachukua kitabu cha mzee, akaandika tarehe. Chini yake akaandika: nimejaribu kuidanganya, imekataa. Wakala mmoja mwenye viatu vya kung'aa alikuwa ameshasimama dirishani. "Dada Benedetta, tusaidie, lango leo linafungwa saa ngapi?"

"Ngoja," akamwambia, na akamngojesha kweli, zaidi kidogo tu kuliko ilivyohitajika.

Kisha Benedetta aliipeleka nakala ya karatasi ya tenki kwa Nanjala, akaiweka kando ya unga. Nanjala aliifuta mikono, akaisoma, akatazama kule mwisho ambako tenki lilikuwa linageuka kwenye changarawe yake.

"Kwa hiyo sasa hata ukitaka kunichoma huwezi."

"Siwezi. Imefungwa."

"Vizuri," akasema Nanjala. Akapuliza makaa, akaweka kikaangio, kisha akaisogeza ile sufuria kubwa ya maji ikae palepale karibu na mguu wake.